Jua la utosini: kulinda ngozi tangu kuzaliwa hadi uzeeni

Nakapanya, kwenye barabara kuu ya Songea, Tunduru na Masasi, iko yapata nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa mkulima maana yake ni hii: mara mbili kwa mwaka jua la mchana hupita sawasawa juu ya utosi, na kivuli chako hujikusanya miguuni. Mara moja ni wiki ya tatu ya Februari, mpunga ukiwa mabondeni. Mara nyingine ni baada ya katikati ya Oktoba, korosho zinapodondoka na kila mwenye mikono yuko shambani. Kati ya tarehe hizo jua husogea kusini kidogo tu kisha likarudi, kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Machi ndiyo miezi ambayo ngozi hupigwa zaidi. Juni na Julai asubuhi watu huvaa masweta, lakini ikifika saa sita mchana jua la miezi hiyo nalo lina nguvu ya kuunguza ngozi isiyo na kinga.

Nimeandika kwanza kwa ajili ya nyumba zenye mtoto, kijana au mzee mwenye ualbino, kwa sababu kwao jua ni suala la uhai. Mwenye ngozi nyeusi asiache kusoma. Yake yapo, ingawa si yale anayoyasikia mara nyingi.

Jua linaharibuje ngozi?

Mwanga wa jua una miali ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi kama joto. Wataalamu huiita mionzi ya urujuanimno. Kwa kuwa haina joto, mtu anaweza kuungua siku ya mawingu na upepo akidhani hali ni shwari. Mawingu mepesi huipitisha. Maji ya bondeni, mchanga mweupe na bati jipya huirudisha juu, ndiyo maana mtu aliyeinama akipandikiza mpunga huweza kuungua kidevu hata kama amevaa kofia.

Mionzi hiyo ikiingia ndani huharibu seli, yaani chembechembe ndogo zinazojenga mwili. Kila seli ina maelekezo yake ya namna ya kukua na lini ikome. Maelekezo yakiharibika kidogo, mwili hurekebisha. Yakiharibika kila siku kwa miaka, baadhi ya seli hupoteza mpangilio na kuongezeka bila kukoma. Hiyo ndiyo saratani. Haiji kwa jua la siku moja, na jua la utotoni halifutiki mtu anapokua. Kidonda anachokiona kijana wa miaka 25 kilianza kutengenezwa akiwa anatambaa uani.

Ngozi nyeusi ina kinga ya asili, rangi iitwayo melanini, inayoikamata mionzi kabla haijazama. Mtu mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana, au hana kabisa, katika ngozi, nywele na macho. Hiyo tu ndiyo tofauti. Akili yake, damu yake na nguvu zake ni kama za ndugu zake.

Ni wangapi, na hatari ni kubwa kiasi gani?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino nchini Tanzania, ikapata 16,477. Makadirio ya watafiti ni makubwa zaidi, na yanayotajwa sana ni mtu mmoja katika kila watu 1,400, wakati Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo karibu kila kata ina familia inayohusika.

Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa watu 350 wenye ualbino waliokuwa wakiishi Dar es Salaam. Ulionyesha kwamba madhara ya jua huanza kuonekana mapema mno utotoni, na kwamba wengi walikuwa na saratani iliyokwisha kukomaa wakiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Ni habari nzito, lakini ndani yake mna matumaini makubwa: saratani hii inazuilika. Mtu mwenye ualbino anayekingwa tangu kuzaliwa anaweza kuzeeka kama mwingine yeyote. Jirani zetu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao mwaka 2010, mtu mzima mwenye ualbino, mwenyeji wa pwani yenye jua kali.

Mtoto mchanga

Wakunga wa zahanati wanafahamu, lakini mara nyingi nyumbani kunakuwa na mshtuko mtoto akizaliwa mweupe kuliko wazazi wake. Baba, hapa nakuomba usikilize vizuri. Mtoto hapati ualbino kwa sababu mama alitoka nje ya ndoa, wala kwa laana, wala kwa kitu alichokula. Mara nyingi wazazi wote wawili wamebeba chembe ya urithi ya ualbino bila kuijua, na mtoto hupokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Ndiyo maana kwenye nyumba moja huzaliwa watoto watatu weusi na wa nne mweupe, au weupe wawili mfululizo.

Sasa kuna desturi yetu ya kumwotesha mtoto jua asubuhi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi haina ubaya ikiwa ni jua changa, kabla ya saa tatu, kwa dakika chache. Humsaidia kupata vitamini D, inayoimarisha mifupa. Lakini mtoto akiwa na macho au ngozi ya manjano siku za mwanzo, jua la asubuhi si dawa yake. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo, kwa kuwa manjano yakizidi yanaweza kuharibu ubongo.

Mtoto mwenye ualbino asioteshwe jua kabisa. Ngozi yake hupata vitamini D kwa mwanga kidogo tu anaoupata akipita nje, na baadaye dagaa, samaki na mayai vitaongezea. Mpaka afikishe miezi sita, asipakwe mafuta ya kukinga jua, kwa kuwa ngozi ni changa mno. Kinga yake iwe kivuli na nguo. Mama akienda shamba, mtoto abaki na bibi, au alazwe chini ya mkorosho wenye majani mazito na si chini ya mti wa matawi machache. Kivuli husogea, basi amwangalie kila mara. Akibebwa mgongoni, khanga moja haitoshi. Tumia kitenge kizito, miguu ifunikwe soksi, kichwa kofia yenye ukingo, na juu yake mwamvuli.

Akianza kutembea ndipo kazi inaanza kweli, maana mtoto wa miaka miwili hakai kivulini kwa kuambiwa. Pandeni mti uani mapema, au jengeni kibanda cha makuti mahali anapopenda kuchezea. Wafundisheni na kaka na dada zake: mwenzenu akicheza, chezeni upande wenye kivuli. Watoto huelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Shuleni

Miaka ya shule ya msingi mtoto hukusanya jua jingi, na hakuna anayeliona. Kuna mwendo wa kwenda na kurudi, mstari wa asubuhi, michezo, bustani, kuchota maji. Hapa mzazi aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, kabla muhula haujaanza, aseme wazi: "Mwalimu, naomba mwanangu aruhusiwe kuvaa kofia pama na shati la mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, na wakati wa michezo apewe kazi ya kivulini." Akipata nafasi aombe pia zamu ya kufagia darasa badala ya zamu ya bustani. Barua fupi ya daktari au muuguzi husaidia, ila mwalimu mwenye nia njema hatasubiri barua.

Macho nayo. Karibu kila mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu, na macho huchezacheza na kuumizwa na mwanga. Akae dawati la mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua. Aruhusiwe kusogea hadi ubaoni kunakili. Mtoto anayeandika polepole si mzito wa akili, bali haoni. Kwa mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini shule lazima itoe taarifa wakati wa usajili. Usingoje mwezi wa mtihani.

Kijana na kazi

Mtoto aliyelindwa vizuri na mama yake huweza kuharibikiwa kati ya miaka 15 na 25, kwa sababu sasa anaamua mwenyewe na hataki kuonekana tofauti. Anavaa kapelo kwa kuwa ndiyo fasheni, anakunja mikono ya shati, anakwenda kubeba magunia mnadani mchana kutwa. Kapelo hufunika paji la uso tu. Masikio, shingo na mashavu hubaki wazi, na hapo hasa ndipo saratani hushambulia: kichwani, usoni, masikioni, mdomo wa chini na shingoni.

Kwa familia inayoishi kwa korosho, ufuta na mbaazi, kumwambia kijana aache shamba ni maneno matupu. La maana ni kupanga saa na kupanga kazi. Jua lina nguvu kupita kiasi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na kilele chake kwetu ni baada kidogo ya saa sita mchana. Usiye na saa, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia kivulini. Basi kijana mwenye ualbino aingie shamba alfajiri, atoke saa tatu na nusu, arudi baada ya saa kumi. Kuokota korosho chini ya mikorosho ni afadhali, kwa kuwa miti hiyo hutandaza kivuli kizito. Kuanika korosho kwenye majamvi juani, au kupanga foleni ya mizani ya chama cha ushirika (AMCOS) saa saba mchana, ni kazi ya mwingine katika ukoo. Yeye apewe kubangua, kuchambua, kupima, kuandika daftari.

Palipo na uwezo, bora zaidi ni kazi ya ndani: ushonaji, duka, ualimu, wakala wa miamala ya simu, kunyoa. Mtaji? Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na watu wenye ualbino wamo katika kundi hilo la mwisho. Nenda ofisi ya kata, umuulize ofisa maendeleo ya jamii fomu na masharti ya mwaka huu. Cherehani lililonunuliwa kwa mkopo huo linaweza kuwa kinga bora ya saratani kuliko chupa nyingi za mafuta.

Nguo kwanza, mafuta baadaye

Watu huniuliza mafuta kabla ya kuuliza nguo. Naelewa, lakini mpangilio wa kweli ni huu: saa, kivuli, nguo, kofia, kisha mafuta kwa sehemu zilizobaki wazi.

Nguo ipimeni kwa kuinyanyua kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, mionzi nayo inapenya. Khanga iliyochakaa na fulana nyeupe iliyolowa jasho hukinga kidogo sana. Kitenge kizito, jinzi na shati la kazi la rangi iliyokolea hukinga vizuri, na mitumba ya mikono mirefu inapatikana gulioni kwa bei ndogo kuliko chupa moja ya mafuta ya dukani. Akina mama na mabinti wanaovaa ushungi au hijabu tayari wana kinga ya masikio na shingo, basi waongeze ukingo wa kofia juu yake kwa ajili ya uso. Kofia ya kiua ya kwendea msikitini haina ukingo, kwa hiyo mzee mwenye ualbino anayetoka Ijumaa saa saba mchana awe na mwamvuli. Kofia ya kazini iwe pama, yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, upana wa kiganja.

Mafuta ya kukinga jua si losheni ya kawaida. Vaselini, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na glisirini hulainisha ngozi tu, hayazuii mionzi. Mafuta yanayokinga huandikwa SPF na namba, na namba hiyo iwe 30 au zaidi. Tanzania tunayo yetu: KiliSun, yanayotengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kilichoanzishwa mwaka 1992. Yametengenezwa mahususi kwa ngozi yenye ualbino na mazingira yetu, na hugawiwa bure kupitia kliniki za ngozi na shirika la Standing Voice. Ya kigeni katika maduka ya dawa ya mjini huweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Kabla hujatoa fedha hizo, uliza hospitali ya wilaya, na uliza uongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania katika wilaya yako, wao hujua shehena imefika lini. Mfamasia akisema hayapo, muombe kwa upole ayaingize kwenye oda ya Bohari ya Dawa (MSD).

Jinsi ya kupaka: nusu saa kabla ya kutoka. Uso, masikio na shingo vinahitaji kijiko kimoja cha chai, na kila mkono kijiko kimoja. Wengi hupaka robo ya kiasi hicho ili chupa idumu, wakabaki bila kinga. Usisahau nyuma ya masikio, mdomo wa chini, na juu ya miguu kama unavaa ndala. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukitoka jasho jingi. Chupa ihifadhiwe kivulini, isiachwe kwenye kiti cha pikipiki. Na mafuta hayakupi ruhusa ya kukaa juani. Aliyepaka bado anavaa kofia.

Mtu akiungua, ngozi ikawa nyekundu na kuuma: ingia ndani, weka kitambaa kilicholowa maji ya baridi, kunywa maji ya kutosha, tumia paracetamoli kama maumivu yamezidi. Malengelenge yasipasuliwe. Asipakwe majivu, dawa ya meno wala limao. Mtoto mdogo aliyeungua, au mtu mwenye homa na kutapika, apelekwe kituo cha afya.

Na mwenye ngozi nyeusi?

Nitasema ukweli wote. Kwa mtu mweusi asiye na ualbino, saratani ya ngozi inayotokana na jua ni adimu, na hahitaji kununua mafuta ya kukinga kwa kuiogopa. Kofia na maji ya kunywa shambani vinamtosha. Lakini kuna mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni jicho. Afrika Mashariki ina saratani nyingi zaidi ya utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho kuliko sehemu nyingi za dunia, na watafiti wameihusisha na jua kali pamoja na virusi vya Ukimwi. Huanza kama kinyama cheupe au chekundu pembeni ya mboni, kisha kikakua haraka kwa wiki au miezi. Si kila kinyama ni saratani, vingine ni vya kawaida kwa watu wanaofanya kazi juani. Lakini kinachokua kionwe na daktari wa macho, na mgonjwa akubali kupima virusi. Kofia pama na miwani ya jua humkinga mweusi pia.

La pili ni makovu na vidonda vya zamani. Aliyeungua moto utotoni, au mwenye donda ndugu mguuni lililodumu miaka, anaweza kupata saratani palepale. Kovu la zamani likifunguka, likaota nyama, likanuka au kutoa damu, usiliite tena kidonda cha kawaida.

La tatu ni doa jeusi kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Kuna saratani ya ngozi inayopenda maeneo hayo kwa watu weusi, na haihusiani na jua. Tunatembea pekupeku shambani, tunadhani ni mwiba au damu iliyoganda. Doa linalopanuka na kubadilika umbo lionyeshwe.

La nne linanisikitisha kuliko yote, kwa kuwa tunajifanyia wenyewe. Mikorogo na krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, ambazo Serikali imezipiga marufuku, huondoa melanini, yaani ile kinga aliyokupa Mungu. Dada anayejichubua usoni kisha akashinda genge lake juani anajipeleka kwenye hatari aliyokuwa ameepushwa nayo. Zebaki nayo huingia mwilini na kuumiza figo. Ukiacha ghafla ngozi inaweza kuwasha na kuwa na mabaka. Usirudie krimu kwa sababu hiyo, nenda kituoni upewe msaada wa kuacha.

Utu uzima na uzee: kujikagua

Kuanzia ujana, mwenye ualbino ajikague kila mwezi, na wenzake wa nyumbani wamsaidie, kwa sababu hakuna anayeona kisogo chake mwenyewe na macho yake hayaoni vizuri. Chagueni siku moja inayokumbukika, kama Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Kaeni mlangoni penye mwanga lakini si juani. Anzeni utosini mkigawanya nywele, shukeni kwenye paji, kope, pua, mdomo, mbele na nyuma ya masikio, shingo, mabega, mikono hadi vidole, kisha miguu.

Mnatafuta nini? Sehemu kavu yenye magamba inayokwaruza kidoleni kama msasa, hata kama haionekani vizuri. Hiyo bado si saratani, lakini ni mlango wake, na ikitibiwa hapo hapo humalizika. Kigaga kigumu kinachobanduka na kurudi. Kinundu kinachokua. Kidonda chenye kingo zilizoinuka. Mdomo wa chini uliopasuka usiopona. Na kanuni kubwa ya kukumbuka: kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki nne kionwe na daktari, hata kama hakiumi. Saratani ya mwanzo mara nyingi haiumi, ndiyo maana wengi huchelewa.

Mzee mwenye ualbino aliyefika miaka 50 au 60 amebeba jua la maisha yake yote. Hata kama sasa anashinda barazani, akaguliwe mara nyingi zaidi. Wajukuu, msimwache babu akae upande wa baraza unaopigwa na jua la alasiri. Na yeyote mwenye ualbino anayeishi na virusi vya Ukimwi asikose kliniki, kwa kuwa kinga ya mwili ikishuka saratani huenea haraka.

Mbali na kujikagua, mtu mwenye ualbino aonwe na mtaalamu wa ngozi walau mara mbili kwa mwaka. Aliyewahi kutibiwa aende kwa tarehe aliyopewa.

Tunaanzia wapi, na itagharimu nini?

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Mwambie mhudumu kwa ufupi: "Daktari, hiki kidonda kina wiki sita, nimetumia dawa, hakiponi." Usikubali kupewa tyubu ya tatu ya krimu ileile. Omba kwa adabu barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya ya Tunduru. Kutoka hapo njia ni mbili kwa barabara ya lami: magharibi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea, na hospitali ya misheni ya Peramiho; mashariki kuna hospitali ya misheni ya Ndanda, Masasi. Mwenye ndugu Masasi atapata urahisi wa malazi upande huo, basi mweleze daktari kabla hajaandika jina la hospitali.

Huko, magamba ya mwanzo hugandishwa kwa nitrojeni ya baridi kali, au hupakwa dawa maalumu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Kinundu hukatwa kwa ganzi. Mara nyingi watachukua kwanza kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Najua wapo wanaosema kisu husambaza saratani. Sivyo. Kinachoisambaza ni miezi tunayopoteza kwa mizizi na maombi bila hospitali. Anayetaka kuombewa aombewe, akiwa njiani kwenda kwa daktari. Uvimbe mkubwa, au uliofika kwenye tezi za shingo, huhitaji mionzi ya tiba, na hiyo hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Tofauti ya gharama kati ya kutibiwa mapema Songea na kutibiwa kwa kuchelewa Dar es Salaam ni nauli, chakula na malazi ya watu wawili kwa wiki nyingi, hata kama dawa yenyewe ingekuwa bure.

Kuhusu malipo, kwa miaka kadhaa kaya ya watu sita ilikuwa ikijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF) kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kutibiwa hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha utaratibu huo, basi kabla ya kulipa muulize mtendaji wa kijiji ni mfuko upi unaotumika sasa, na unafika mpaka hospitali gani. Jiunge ukiwa mzima, usingoje kuugua.

Asiye na uwezo ana njia nyingine. Utaratibu wa Serikali wa msamaha wa matibabu unawahusu watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na unataja saratani miongoni mwa magonjwa yake. Msamaha haujileti. Pata barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya familia, na ukifika hospitali, kabla ya dirisha la malipo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa wa ustawi ndiye anayepitisha.

Siku ya safari chukua barua ya rufaa, barua ya mtendaji, kadi ya bima kama ipo, kitambulisho, na dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwamo za kienyeji, ili daktari azione. Kwenye basi, mgonjwa mwenye ualbino aketi upande usiopigwa na jua: ukienda Songea asubuhi jua huja nyuma yako, na kuanzia Oktoba hadi Februari hulalia upande wa kushoto, kwa hiyo omba kiti cha kulia. Avae mikono mirefu hata ndani ya basi, maana kioo huzuia sehemu tu ya mionzi. Usiondoke hospitali bila tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, na kabla ya kupanda basi la kurudi, ulizia kliniki ya ngozi kama mafuta ya kukinga jua yapo ili mrudi nayo.